Jiko dogo na sufuria ya safari: namna ya kuchagua ukiwa unabeba mzigo wako mwenyewe mlimani

Kabla hujaingia dukani kuulizia jiko la kambi, chukua karatasi uandike utakula nini huko mlimani. Usiku wa kwanza nini, asubuhi nini, usiku wa pili nini. Naanza hapo kwa sababu wengi wetu huanza na jiko. Tunalinunua kwa kuwa ni dogo na linapendeza mkononi, halafu tunajikuta baridini na kilo mbili za unga ambazo kisufuria cha nusu lita hakiwezi kuzisonga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejibebea: siku mbili tatu za Usambara kutoka Lushoto kwenda Mtae, Uluguru, Hanang, Aberdare, Mlima Kenya. Kilimanjaro ni habari nyingine. Kule hupandi bila muongozaji mwenye leseni, na kwa kawaida mpishi na wagumu, yaani wapagazi, ndio wanaobeba jiko, mtungi na masufuria. Ukienda kwa utaratibu huo, jiko lako liache nyumbani.

Hatua ya 1: Chakula kwanza

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani imejengwa juu ya chakula cha pakiti. Unachemsha maji, unamimina kwenye mfuko, unasubiri dakika kumi, unakula. Jiko la mlaji wa namna hiyo lina kazi moja tu, nayo ni kuchemsha maji haraka. Sisi tunakula ugali, wali, tambi, uji, dagaa, na chai iliyochemka pamoja na majani yake na tangawizi. Kwa hiyo jiko letu linadaiwa mambo mawili zaidi: moto wake ukubali kushushwa sana bila kuzimika, na likae imara mtu anaposonga.

Urefu wa mlima nao una neno lake. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Pwani ni nyuzi 100. Kwenye mita 3,000 ni kama nyuzi 90. Kambi ya Shipton kwenye Mlima Kenya, mita 4,200, ni nyuzi 86 hivi. Maji yanatokota mbele ya macho yako, yanatoa povu na mvuke, lakini si yale ya nyumbani. Maharage makavu hayataiva huko hata ukiyamalizia kopo zima la gesi. Wali unaiva kwa shida na mara nyingi unabaki na kiini.

Ugali na uji ndio washindi. Wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushika kwenye nyuzi kama 62 hadi 72, kwa hiyo hata maji ya Shipton yanautosha na kubaki. Nimesonga ugali pale, ukaiva vizuri kabisa, wakati wenzetu wa hema la jirani walikuwa bado wanauonja mchele wao kila baada ya dakika tano.

Ukitaka maharage, yachemshe nyumbani mpaka yaive kabisa, yaponde kidogo, yaanike juani yakauke. Mlimani yatarudi ndani ya dakika chache kwenye maji ya moto. Dagaa wakaange kabla ya safari. Chapati za siku ya kwanza pika nyumbani, maana siku ya kwanza ndiyo unayofika umechoka zaidi. Tambi chagua zile nyembamba.

Vifungie vyakula kwenye vifuko vya nguo au makopo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na Kenya haikubali plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Langoni mzigo unaweza kukaguliwa, na hapo si mahali pa kuanza kuhamisha unga.

Hatua ya 2: Mafuta unayoweza kuyapata kweli

Jiko zuri lisilo na mafuta ni chuma cha kubeba tu. Kwa hiyo uliza mafuta kwanza, kisha jiko.

Gesi ya kopo ndiyo rahisi kuliko zote. Unafunga, unafungua, unawasha. Shida ni kwamba makopo hayafanani, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Lipo kopo fupi, pana, lenye mdomo wa kuzungushia; hili ndilo linaloendana na majiko mengi madogo ya safari. Hupatikana zaidi Nairobi, Arusha na Moshi, kwenye maduka yanayohudumia wapanda milima, kwa ujazo wa gramu 100 hivi, 230 au 450. Lipo kopo refu, jembamba, kama la dawa ya mbu, la gramu 220 hivi. Hili ndilo utakalolikuta kwenye maduka ya kawaida ya mjini, na limetengenezewa jiko la bapa la mezani. Na lipo la kutoboa, ambalo ukishalitoboa hulitoi kwenye jiko mpaka liishe. Simshauri mtu anayetembea kubeba hilo la tatu.

Siku moja nilisimama dukani Morogoro, basi la kwenda kijijini limebakiza nusu saa, jiko la kuzungushia mkononi, na muuza duka ananiletea kopo refu baada ya kopo refu. Safari ile tulikula mkate na karanga. Tangu hapo huwa sinunui jiko kabla ya kuliona kopo lake kwa macho, na nikisafiri huenda na kiunganishi kidogo kinachoruhusu kopo refu kukaa kwenye jiko la kuzungushia. Kina gramu chache. Ukikitumia, kopo linalazwa ubavu, na ile kata iliyo kwenye ukingo wa mdomo wake ielekee juu. Ikielekea chini, gesi inatoka ikiwa bado majimaji na moto unaruka juu ghafla.

Soma pia kilichomo. Gesi iitwayo butane huacha kugeuka hewa joto likishuka chini ya nyuzi sifuri hivi. Isobutane huvumilia mpaka nyuzi 11 chini ya sifuri. Propane mpaka 42 chini ya sifuri. Urefu wa mlima unaisaidia butane kidogo kwa kuwa mgandamizo wa hewa umepungua, lakini kopo lenyewe hujipoza linapotoa gesi. Ndiyo maana alfajiri moja Shipton, majani yakiwa meupe kwa barafu, kopo letu la butane tupu lilitoa moto wa mshumaa. Tulilisimamisha kwenye bakuli la maji ya kijito, maji ya kawaida kabisa, na baada ya dakika mbili moto ukarudi. Usiku uliofuata kopo lililala ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenye nalo. Kwa Usambara na Uluguru butane inatosha. Ukizidi mita 3,500, tafuta lenye mchanganyiko wa isobutane na propane.

Kumbuka vilevile kwamba kopo la gesi haliruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Ndugu aliye Ulaya au Uarabuni anayekuja likizo aje na jiko, kopo atanunua huku.

Spiriti ni njia ya pili, na naipenda kwa safari fupi. Jiko lake ni kikombe cha shaba au bati, hakina kitu cha kuharibika. Kichomeo cha Trangia, kampuni ya Sweden, kina gramu 110. Spiriti ya kuwashia inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na rangi. Usichanganye na ile ya famasi ya kusafishia vidonda: mara nyingi ina asilimia 70 tu, inayobaki ni maji, inawaka kwa unyonge. Ubaya wa spiriti ni kwamba kwa uzito uleule inatoa kidogo zaidi ya nusu ya joto la gesi, hivyo safari ikizidi siku tatu chupa inakuwa nzito kuliko makopo. Ubaya mwingine ni wa hatari: mchana moto wake hauonekani. Usiongeze spiriti kwenye kichomeo mpaka kipoe kabisa na uwe umepitisha kiganja juu yake, kwa mbali, kuhakikisha hakuna joto. Moto hupanda kwenye mkondo wa spiriti mpaka kwenye chupa uliyoishika.

Mafuta ya taa na petroli ni ya safari ndefu na ya sehemu ambazo gesi haifiki. Hapa nasema jiko la chupa na pampu, si jiko la mchina la utambi ambalo ni zito na linatia masizi kila kitu. Jiko la pampu si geni kwetu. Frans Wilhelm Lindqvist alilitengeneza Sweden mwaka 1892, na jina lake la biashara, Primus, limezunguka dunia nzima. La kisasa la safari lina gramu 300 hadi 400 pamoja na pampu, bila chupa. Linataka kupashwa kwanza, linataka sindano ya kuzibulia, na linataka mtu aliyelizoea. Kwa matembezi ya mwisho wa wiki ni kazi kubwa kuliko faida.

Kuni na mkaa viondoe kwenye hesabu. Ndani ya hifadhi za milima mirefu kuwasha moto wa kuni hairuhusiwi, na sababu tunazo. Oktoba 2020 moto uliteketeza karibu kilomita za mraba 95 za Kilimanjaro, na taarifa za mwanzo zilisema ulianza pale watu walipokuwa wakipasha chakula. Ile mimea ya juu, ile mirefu yenye majani ya manyoya na ile miti midogo ya baridi, huchukua miaka mingi sana kurudi.

Hatua ya 3: Lishike jiko mkononi

Majiko ya kufunga juu ya kopo yana uzito wa gramu 25 hadi 100 hivi. BRS-3000T ina gramu 25. PocketRocket 2 ya MSR ina gramu 73. Kwenye karatasi tofauti hiyo inavutia. Lakini kunjua miguu ya yote mawili uweke sufuria yako juu, halafu uzungushe mwiko ndani yake kama unasonga. La gramu 25 lina miguu mifupi mno, sufuria inateleza. Gramu 50 za ziada ni uzito wa yai moja. Zibebe.

Ukiwa dukani fanya haya. Kunjua miguu, pima kwa kidole kama inafika angalau nusu ya upana wa kitako cha sufuria yako. Zungusha kitasa cha moto polepole uone kama kinapita kwa ulaini. Kinachoruka kutoka kikubwa hadi kuzima hakitakupikia wali. Tazama kichwa cha moto: kilicho kipana husambaza moto, chembamba huchoma sehemu moja katikati na ugali unashika hapo. Angalia kama ule mpira mdogo mweusi wa ndani ya mdomo upo na haujapasuka.

Kama mko watatu au wanne na mnapika kweli, achana na jiko la juu ya kopo. Chukua lile linalokaa chini, lenye miguu mitatu na mpira mrefu unaokwenda kwenye kopo pembeni. Ni zito zaidi, lakini sufuria inakuwa karibu na ardhi, na kopo liko mbali na joto.

Yapo pia majiko yanayoshikamana na chombo chake kirefu chenye mapezi chini, kama Jetboil. Kwa chai na tambi ni hodari sana, yanabana gesi na kustahimili upepo. Kwa ugali hayafai.

Hatua ya 4: Sufuria

Hapa ningependa utulie. Tuna sufuria ambayo wapandaji wa nchi nyingine wangeifurahia kama wangeijua: ile ya alumini ya sokoni, isiyo na mikono, yenye ukingo uliokunjwa nje. Ni nyepesi, ni pana kuliko kimo chake, na kwa kuwa haina mkono inaingia ndani ya nyingine bila kupoteza nafasi. Niliipima yangu ya lita mbili kwenye mizani ya muuza nyanya: gramu 260. Sufuria za titani za safari ni nyepesi kwa kweli, ya mililita 750 ina kama gramu 100, lakini ukitaka ya lita mbili bei yake inalingana na nauli ya safari yenyewe.

Halafu kuna suala la joto. Alumini inapitisha joto takriban mara kumi kuliko titani. Kwenye titani, joto linabaki pale moto unapogusa. Maji yanachemka sawa, lakini kitu kizito kinaungua katikati huku pembeni kibichi. Kwa mtu wa maji ya moto tu, titani ni nzuri. Kwa mtu wa uji, alumini haina mpinzani. Chuma cha pua kinadumu, ila ni kizito na kinapitisha joto vibaya pia.

Dukani gonga kitako cha sufuria kwa kidole. Kinachobonyea ni chepesi mno, kitapinda kwenye begi na kuyumba jikoni. Weka kwenye meza ya bapa, iguse ukingo upande mmoja: isicheze.

Ukubwa: mtu mmoja asiyesonga, mililita 750 hadi 900. Wawili, lita moja na nusu kwa tambi na chai. Lita mbili kama mnasonga, maana unga unahitaji nafasi ya mwiko. Wanne, sufuria ya lita tatu hivi na nyingine ndogo ya chai iingie ndani yake. Zaidi ya hapo bora mgawanyike, majiko mawili.

Kwa kuwa sufuria haina mkono, beba koleo ya kushikia, ile ndogo ya alumini. Wakati wa kusonga, mmoja anashika sufuria kwa koleo, mwingine anasonga. Usijaribu peke yako juu ya jiko la kopo. Njia nyingine, na ndiyo ninayoitumia siku hizi: chemsha maji, pika uji mzito kwanza kwenye jiko, kisha epua, kalisha sufuria chini kwenye kitambaa kilicholowa au katikati ya viatu viwili, ongeza unga usonge hapo, urudishe kwenye moto mdogo dakika mbili tatu ukiwa umefunika. Unaiva, na hakuna kinachomwagika.

Mfuniko usiuache. Sahani ya bati inayotosha mdomo wa sufuria inafanya kazi mbili. Vingine ni vichache: mwiko mfupi wa mti, kisu kidogo, kijiko kimoja kimoja, kikombe cha plastiki ngumu (cha bati kinaunguza midomo na kupoza chai upesi). Vikaango, vibao vya kukatia, chujio, hapana. Majani ya chai yaache yatulie chini.

Hatua ya 5: Kiasi cha mafuta

Kuchemsha lita moja ya maji kwa gesi, bila upepo na ukiwa umefunika, kunakula gramu 12 hadi 15. Kwa spiriti, mililita 30 hadi 40. Jiko la kopo lililofunguliwa mpaka mwisho linakula gramu 150 hadi 220 kwa saa, kwa hiyo moto mkubwa ni kwa maji tu.

Tuseme mko wawili. Asubuhi lita moja ya chai na lita moja ya uji. Jioni maji ya ugali, mboga, na chai tena. Hizo ni kama lita nne kwa siku, gramu 60. Ongeza dakika za moto wa chini, gramu 15 hadi 20. Ongeza upepo. Mnafika 90 kwa siku. Kopo la gramu 230 linawatosha siku mbili na akiba kidogo. Kama maji ya kunywa nayo mnayachemsha, hesabu inapanda haraka. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu. Kwenye Hanang huko juu hakuna maji ya kutegemea, mnabeba yote kutoka chini, kwa hiyo pangeni vyakula ambavyo maji yake hayamwagwi. Tambi unachemsha kwa maji machache na unakunywa mchuzi wake.

Hatua ya 6: Upepo, na mahali pa kupikia

Upepo unaweza kula gesi mara mbili au tatu ya kawaida. Kaa nyuma ya mwamba, au panga mabegi upande unakotoka upepo. Kikinga upepo cha bati ni kizuri kwa spiriti na kwa jiko lenye mpira mrefu. Kwa jiko lililo juu ya kopo usilizungushie kikinga pande zote, maana joto linarudi kwenye kopo na kopo linaweza kupasuka. Liguse kwa mkono mara kwa mara: likianza kuwa la moto, zima.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Usipikie ndani ya hema lililofungwa, na usiingize jiko la mkaa hemani ili kupata joto la usiku. Jiko lolote hutoa kaboni monoksaidi, na mkaa hutoa nyingi sana. Haina harufu, haina rangi, na mtu aliyelala haamki. Mvua ikinyesha, pika chini ya turubai lililo wazi pande zote, au kula chapati na karanga mlale.

Hatua ya 7: Pika uani kwanza

Wiki moja kabla ya safari, toa kila kitu uani jioni. Pima kopo kwenye mizani ya jikoni. Pika mlo uleule wa usiku wa kwanza, kwa sufuria ileile, na mtu yuleyule atakayeshika koleo. Utagundua kama miguu ya jiko inateleza, kama kiberiti cha gesi kinafanya kazi (beba na cha njiti, kwenye kikopo kikavu), kama mfuniko unakaa. Pima kopo tena, uandike uzito chini yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Fanya hivyo kila urudipo. Kopo langu la sasa lina namba tatu kwenye kitako: 380, 318, 241. Likiwa tupu aina hiyo huwa na gramu 150 hivi, kwa hiyo limebaki na gesi ya watu wawili kwa siku moja.